Herufi za Neoni Husomwa Mchana

Ukipanga kwenda Neon Museum ya Las Vegas, makumbusho ya mabango ya taa za neoni, utaambiwa uende usiku. Usiku ndipo picha zinapopendeza, na mchana jua la jangwa la Nevada halina huruma. Mimi, ambaye mapenzi yangu yako kwenye herufi kabla ya taa, nakushauri vingine: chukua tiketi ya mchana, vaa kofia, beba maji, uingie mabango yakiwa yamezimwa. Bango la neoni likiwaka hukusomea jina la hoteli, basi. Likizimwa ndipo unapoona lilivyoandikwa.

Makumbusho yenyewe yapo Las Vegas Boulevard North, nambari 770, kaskazini ya Mtaa wa Fremont ambako kasino kongwe za mji zilijipanga. Nyuma ya jengo la mapokezi kuna uwanja wa wazi, wenyewe huuita Boneyard, yaani uwanja wa mifupa, na humo mabango zaidi ya 200 yamesimamishwa, mengine yameegemezwa, mengine yamelazwa, njia nyembamba ikipita katikati yao. Kugusa hakuruhusiwi, na ukishaona kutu na ncha za vioo vilivyovunjika hamu ya kugusa inakwisha yenyewe. Lakini unasogea karibu kiasi cha kuona skrubu. Herufi iliyotengenezwa isomwe na dereva aliye mbali barabarani sasa iko mbele ya uso wako, na inakupita kimo.

Namna mabango haya yalivyokusanyika inafaa kujulikana. Mengi hayakuwa mali ya hoteli zilizoandikwa juu yake. Yaliundwa na kampuni za mabango, kubwa miongoni mwao ikiwa Young Electric Sign Company, iliyoanzishwa mwaka 1920 huko Ogden, Utah, na Thomas Young, mhamiaji kutoka Uingereza. Kampuni iliunda, ikapandisha, ikakodisha na kuhudumia. Mkataba ukiisha, au hoteli ikibadili sura, bango liling'olewa likarudi yadi, likakaa huko likingoja kukatwa vipuri. Ile yadi ndiyo iliyozaa Boneyard. Si kila bango lilibahatika. La hoteli ya Sands lilipobadilishwa miaka ya 1980 halikupata pa kuwekwa kwa ukubwa wake, likaishia kwenye chuma chakavu. Uchungu wa bango lile uliwasukuma wapenda sanaa wa mji, na mwaka 1996 makumbusho yakaanzishwa, kwanza kwa kurudisha mabango machache mitaani. Uwanja wenyewe ulifunguliwa rasmi kwa umma mwaka 2012.

Kabla hujafika kwenye mabango, simama kidogo ndani ya mapokezi. Jengo lile ni ukumbi wa iliyokuwa moteli ya La Concha, wa mwaka 1961, lenye paa la zege lililojikunja kwa matao. Mwaka 2006 lilikatwa vipande 8, likasafirishwa na kuunganishwa upya hapa. Aliyelichora ni Paul Revere Williams, msanifu majengo Mweusi wa Los Angeles, aliyefanya kazi zama ambazo wateja wengi weupe hawakutaka kukaa bega kwa bega na mtu kama yeye. Akajifunza kuchora juu chini. Mteja anakaa ng'ambo ya meza, na nyumba inachoreka mbele ya macho yake ikiwa imemwelekea yeye, huku mchoraji akiiona kinyume.

Nimelisimulia hilo kwa sababu mafundi wa vioo waliojaza uwanja ulio nyuma ya jengo lile nao waliandika kinyume, kila siku, maisha yao yote ya kazi.

Fundi wa neoni huanza na mrija mnyoofu wa kioo, mwembamba kama kidole. Mezani ametandika mchoro wa neno zima kwa ukubwa wake halisi, kwenye karatasi isiyoshika moto, ambayo zamani ilikuwa ya asbestosi. Mchoro huo umegeuzwa kushoto kulia. Sababu yake ni nzuri: upande utakaotazamwa na watu barabarani ndio unaolala juu ya meza, ukabaki bapa, na kila mkunjo wa kurudi nyuma unainuka kumwelekea fundi, mahali anapoweza kuuona na kuusahihisha. Anapasha moto sehemu moja ya mrija mpaka ilegee, anautoa kwenye moto, anaulaza juu ya mchoro na kuukunja, na muda wote huo ana mpira mwembamba mdomoni uliounganishwa na ncha moja ya mrija. Kioo kikilegea, kona hutaka kubonyea. Anapuliza kidogo, kwa kipimo, ili duara lirudi. Akipuliza sana kona inavimba, asipopuliza inasinyaa, na kwa vyovyote kioo kinagoma kukunjika baada ya sekunde chache tu. Mtu anayechora herufi kwa penseli na kufuta apendavyo ana kila sababu ya kuwaheshimu watu hawa.

Neno likikamilika, kila ncha huunganishwa elektrodi, kipande cha chuma kinachoingiza umeme kwenye mrija. Hewa hufyonzwa, umeme mkali hupitishwa ili kioo kipate moto na uchafu wa ndani utoke, kisha gesi kidogo huingizwa na mrija kufungwa. Gesi ya neoni hutoa wekundu wa machungwa. Aragoni yenye tone la zebaki hutoa buluu. Rangi nyingine hupatikana kwa kupaka ukuta wa ndani unga unaong'aa, au kwa kutumia kioo cha rangi. Ukijua hayo, unaweza kukisia rangi ya bango lililokufa mchana kweupe: kioo kikiwa cheupe kama maziwa, kilikuwa na unga, kikiwa angavu kabisa na safi, yaelekea kiliwaka chekundu, kikiwa angavu lakini kina madoa ya kijivu au vitone vya fedha ndani, hiyo ni zebaki, na bango lilikuwa la buluu.

Wekundu ule ndio uliozipa herufi bahati. Neoni iligunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, nayo ni haba sana hewani, sehemu kama 18 katika kila milioni. Georges Claude wa Ufaransa alikuwa na biashara ya kuigeuza hewa kuwa kimiminika, na neoni ikawa inabaki mikononi mwake. Desemba 1910 aliiwasha katika maonyesho ya magari ya Paris, ndani ya Grand Palais, kwenye mirija mirefu ya mita 12. Lengo lake lilikuwa taa ya kumulika. Lakini nani angetaka kula na kusoma chini ya mwanga mwekundu? Mwenzake, Jacques Fonsèque, akaona kwamba mwanga usiofaa kumulikia kitu unafaa kutazamwa wenyewe, na mwaka 1912 bango la kwanza likauzwa kwa kinyozi wa Paris. Kama gesi ile ingetoa mwanga mweupe, huenda ingeishia kwenye dari za maofisi na sisi tusingekuwa na cha kwenda kutazama.

Sasa tuje kwenye herufi zenyewe.

Kalamu huinuka. Ukiandika "t", unashuka, unainua mkono, unakata. Mrija hauwezi kuinuka, maana gesi lazima ipite bila kukatika toka elektrodi hii hadi ile. Katika uwanja ule kuna maneno ya moteli yaliyoandikwa kwa mwandiko wa kuunganisha, na mbele ya neno la namna hiyo ndipo nilipotumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Fuata mstari kwa jicho. Kutoka kwenye "o" mrija unapanda kuwa mgongo wa "t", unafika kileleni, unajikunja kinyumenyume na kushuka nyuma ya mgongo wake mwenyewe, unatokeza kushoto, unavuka mbele kuwa mkato, kisha unazama tena nyuma ili uibukie kwenye mkia unaoelekea "e". Sehemu zote zilizozama zilipakwa rangi nyeusi ili zisionekane zikiwaka. Usiku huzioni kamwe. Mchana, baada ya miaka ya jua, ile rangi imebanduka kwa magamba, na unaona kwamba nusu ya kazi ya fundi ilikuwa kutengeneza njia ambazo hazikukusudiwa kuonwa na mtu.

Ukishalijua hilo, kila herufi inakuwa swali. Itazame O. Haifungi. Mahali fulani, mara nyingi chini, ncha zake mbili zinakaribiana kisha zinageukia nyuma pamoja, na kati yao unabaki mwanya ambao jicho la mbali huujazia. Itazame E kubwa. Mkono wa katikati unataka mrija uende na kurudi njia ileile, mmoja mbele ya mwingine, la sivyo utengenezewe mrija wake wa peke yake wenye elektrodi zake, na hiyo ni gharama. Mkato wa A una tatizo hilohilo. Kona kali haipo kabisa, kwa kuwa kioo kikikunjwa ghafla hupasuka au huziba, kwa hiyo hata M iliyochorwa kwa rula hutoka na mabega ya mviringo. Kuna wachora herufi wa leo wanaoiga "mtindo wa neoni" kwenye kompyuta na kuziba O zao kabisa, na kuikata M kwa ncha ya sindano. Inaonekana mara moja kwamba hakuna gesi ingeweza kupita humo.

Tatizo kubwa zaidi ni unene. Uzuri mwingi wa herufi tulizorithi kutoka kwa kalamu na brashi uko katika mstari mnene unaogeuka mwembamba. Mrija hauna hilo. Una unene mmoja toka mwanzo mpaka mwisho. Wachoraji wa mabango walilijibu kwa njia mbalimbali: mirija miwili au mitatu sambamba kwenye sehemu nene na mmoja kwenye nyembamba, au mrija kuzunguka ukingo wa herufi tu, au njia ninayoipenda kuliko zote, herufi ya bati. Bati hukatwa kwa umbo kamili la herufi, hupewa kuta pembeni ili iwe kama sinia refu, hupakwa rangi, na mrija hulazwa ndani. Kuta huzuia mwanga usimwagike kwa jirani, hivyo neno linasomeka kwa mbali bila kuchanganyika.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachokitafuta katika mabango haya. Kila bango la namna hii lina herufi mbili, moja juu ya nyingine. Ya mchana ni ya bati na rangi, ina unene na wembamba, ina vikanyagio, vile vijiguu vya kwenye ncha za herufi, na mikia. Ya usiku ni mstari wa mwanga unaopita katikati ya ile ya kwanza, na unapaswa kusema neno lilelile kwa sauti nyingine. Mchoraji alizichora zote mbili, na ubora wake unapimwa pale zinapokubaliana. Bango baya lina mrija unaotangatanga ndani ya bati kana kwamba uliwekwa na mtu ambaye hakuambiwa herufi ni ipi. Kwenye bango zuri, mrija unafuata uti wa mgongo wa herufi. Pale bati linaponenepa, mirija inagawanyika, na linapokonda inaungana, huku mwanya wa elektrodi ukiwa umefichwa kwenye kona ambayo tayari ina kivuli.

Na hata vioo vikiwa vimekwisha vyote, kazi ile inasomeka. Ndani ya bati kuna matundu ya aina mbili. Makubwa yalipitisha ncha za mirija kwenda nyuma kwenye nyaya. Madogo yalishika vishikizo vya kioo vilivyouinua mrija usiguse chuma. Chukua herufi moja tupu, tuseme S iliyoliwa na kutu. Matundu makubwa yakiwa mawili, basi ilikuwa mrija mmoja. Yakiwa manne, ilikuwa miwili, na mpangilio wa yale madogo unakuchorea ilipopita. Mara nyingine utakuta matundu yasiyolingana na herufi hata kidogo, yamezibwa kwa bati jingine na kupakwa rangi. Hilo ni bango lililowahi kusema neno jingine. Kampuni hazikutupa chuma kizima, na chini ya rangi inayofifia herufi ya zamani huanza kujitokeza. Niliona watu wakipita hapo bila kusimama, wakikimbilia mabango makubwa. Niliwahurumia kidogo.

Lakini makubwa nayo yana haki yao. Herufi za Stardust zimepangwa humo, zenye ncha zilizovunjikavunjika, mtindo ambao wapenda herufi huuita Electra-jag. Hoteli ilifunguliwa Julai 1958, wakati majaribio ya bomu la atomiki yakifanyika katika jangwa hilohilo, mwanga wake ukionekana toka mjini. Uso wa jengo wakati huo ulibeba balbu zaidi ya 11,000 pamoja na mirija ya neoni. Hakuna herufi iliyokaa wima kwa utulivu. Kila moja imeinama, imechongoka, kama kitu kilichogandishwa kikiwa kinapasuka. Na bado neno linasomeka bila taabu, kwa sababu pembe za ncha zile zinarudiana herufi hadi herufi. Huo ni usanifu wa hali ya juu unaojifanya fujo. Mwaka 1991 herufi hizo zilibadilishwa kwa Futura, chapa ya Paul Renner wa Ujerumani ya mwaka 1927. Naiheshimu Futura. Kwenye kitabu ni safi. Lakini kuiweka mahali pa herufi zile ni kumvua mtu sura yake na kumpa picha ya pasipoti. Hoteli ilifungwa Novemba 2006 na kubomolewa kwa baruti Machi 2007.

Bango nililolingojea zaidi ni la Moulin Rouge. Hoteli hiyo ilifunguliwa Mei 1955, ikiwa ya kwanza ya kasino mjini humo iliyopokea Weusi na weupe pamoja. Wanamuziki Weusi waliokuwa wakijaza kumbi za hoteli kubwa hawakuruhusiwa kulala katika hoteli hizohizo. Hapa walikaribishwa, na usiku wa manane watu wa rangi zote walikuja kuwasikiliza. Ilifungwa kabla mwaka haujaisha. Jina lake liliandikwa na Betty Willis, mmoja wa wanawake wachache katika kazi ile, kwa mwandiko wa mkono wenye madaha. Ni mwandiko unaotembea. Ingawa kila herufi ni chuma kizito, mstari una kasi ya mkono halisi, unakaza na kulegea. Miaka 4 baadaye, mwaka 1959, Willis huyohuyo alichora bango la kuwakaribisha wageni mjini, lile linalojulikana dunia nzima, na ndani ya bango moja akachanganya mitindo kadhaa: kila herufi ya neno la kwanza kwenye duara lake jeupe, mfano wa sarafu ya dola ya fedha, kisha mwandiko wa kuunganisha, kisha herufi nene nyekundu za jina la mji. Hakulisajili hakimiliki, ndiyo maana limechapwa kwenye kila kikombe na fulana. Alifariki mwaka 2015.

Moulin Rouge iliwashwa tena mwaka 2020, baada ya kutengenezwa. Nafurahi kwamba imewashwa, kwa sababu historia ile inastahili kuonekana usiku pia. Hata hivyo sitaki kila bango litendewe hivyo. Kioo kipya kikiingia, mikunjo ya fundi wa kwanza inaondoka, na mikunjo ile ni mwandiko wake kama sahihi ilivyo mwandiko wa mtu. Yale ambayo vioo vimekwisha kabisa yapewe vipya. Yale ambayo bado yana nusu ya kioo cha asili yaachwe, yamulikwe kwa taa za chini kama mengi yanavyomulikwa sasa, na tuendelee kuyasoma kwenye mapengo.

Wapenda herufi wasiishie Nevada. Cincinnati kuna American Sign Museum, iliyoanzishwa na Tod Swormstedt mwaka 1999, na ndani yake kuna karakana ambako vioo bado vinakunjwa. Huko utaona kwa macho yale niliyoyaeleza juu ya moto na mpira wa mdomoni. Warsaw kuna makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2012 yanayohifadhi neoni za Poland ya kijamaa, zilizochorwa na wasanii wa michoro wenye mafunzo kwa ajili ya maduka na mikahawa ya serikali. Zina utulivu ambao Las Vegas haijawahi kuutaka. Hong Kong ni somo jingine kabisa, maana herufi za Kichina huandikwa kwa brashi, zikiwa na unene na wembamba kila mpigo, na mafundi walizitatua kwa mirija inayozunguka ukingo wa mpigo au kupita sambamba ndani yake. Sheria za majengo ziliyashusha mengi ya mabango hayo, na makumbusho ya M+ yamehifadhi baadhi.

Ukienda Las Vegas, usikimbilie mlangoni. Nje kuna bango la neno NEON lenye herufi nne zilizofuata mabango manne tofauti: N ya Golden Nugget, E ya Caesars Palace, O ya Binion's Horseshoe na N ya Desert Inn. Simama chini yake kwanza. Linganisha N ya mwanzo na N ya mwisho, uone kila moja imeamua nini kuhusu mshazari wake na pembe zake, kisha tafuta mrija unapoanzia na unapoishia. Halafu ndiyo uingie ndani, jua likiwa bado juu.